Kategoria ya Mama

Kategoria ya Mama ilikuwa karibu tupu. Ya Baba ilijaa, ya dada yangu ilijaa, ya Babu mzaa Baba ilijaa kuliko zote. Hata beberu wa Babu, ambaye nilimfungulia kategoria yake kwa mzaha, alikuwa na picha nyingi kuliko mama yangu mzazi. Na jubilei ya ndoa ya wazazi wangu, miaka ishirini na mitano, ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Niseme mapema mimi ni mtu wa namna gani, usije ukadhani haya niliyafanya kwa utulivu. Mimi ni yule anayefunga mlango, anafika barabarani, anarudi kuusukuma aone kama kweli umefungwa. Nikikosea herufi moja kwenye jina la faili, siwezi kuendelea. Nafuta lote naanza upya, hata kama hakuna binadamu mwingine atakayelisoma. Kompyuta sikufundishwa na mtu. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka popote, nikabaki nyumbani Ngana nikisaidia kuanika kakao. Nilijifunza kwa video za kwenye simu: natazama kipande, nasimamisha, najaribu, narudia, mpaka bando linakata. Aliyejifunza hivyo anaishi na hofu moja isiyoisha, kwamba ipo siku atakuja mwenye kujua kweli, ataitazama kazi yako kidogo tu, aseme, "Kumbe wewe ndivyo unavyofanya?"

Kwa hiyo kamati ya jubilei iliponipa kazi ya kuandaa picha za kuonyeshwa ukumbini kwa projekta, niliitikia haraka sana, halafu nikarudi mara mbili kuuliza kama kweli wamenipa mimi.

Picha zenyewe zilikuwa zimetawanyika. Nyingine zilikuwa kwenye simu za ndugu, nyingine kwenye memori kadi zisizo na mwenyewe. Za zamani zilikuwa kwenye albamu za Babu, zile ambazo kurasa zake ziligandana maji yalipoingia ndani msimu mmoja wa mvua. Albamu nilizifunga kwenye mfuko wa mbolea uliooshwa, nikapanda nazo bodaboda mpaka Kyela mjini, kwa mzee mmoja mwenye stesheneri. Wazazi wake walitoka pwani, yeye alizaliwa hapahapa. Huwasalimu wateja kwa Kinyakyusa na kuwagombeza kwa Kiswahili cha pwani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Leo umenibebea ukoo mzima?"

"Nusu, baba. Nusu nyingine imegandana na plastiki."

"Basi skana yangu ikinuka uvundo, utailamba wewe mpaka itakate."

Alisema hivyo huku ameshachukua kitambaa laini anafuta kioo cha mashine. Tulikubaliana niskani bure, nami niwachapie barua wateja wake wakizidi. Ndivyo nilivyopitisha wiki mbili: picha moja, barua ya mkopo wa pembejeo, picha mbili, wosia, picha moja.

Nyumbani ndipo kazi niliyoipenda ilipoanza. Kompyuta mpakato yangu ni kuukuu, betri haishiki chaji, lakini niliiwekea programu ya bure ya kupanga picha, na programu hiyo, sitaficha, niliipenda kama mtu. Ndani yake unaunda kategoria, na ndani ya kategoria unaunda nyingine. Watu; ndani ya Watu, Familia; ndani ya Familia, kila mmoja na jina lake. Mahali: Ngana, Kyela mjini, Matema, Lyulilo sokoni ambako shangazi hununua vyungu. Matukio: harusi, misiba, vipaimara, mavuno. Picha moja inaweza kukaa kwenye kategoria nyingi bila kurudufiwa. Nilipoelewa hilo nilisimama nikazunguka kiti. Maisha yangu yote nilikuwa nasumbuka kitu kimoja kikae wapi, kumbe kinaweza kukaa kote.

Programu hiyo pia inatafuta nyuso yenyewe. Inaukata uso, inauweka kwenye kiduara, inauliza: nani huyu? Unajibu. Baadaye inaanza kubahatisha, na kadiri unavyoisahihisha ndivyo inavyozidi kupatia. Ilimjua Babu upesi kuliko wote, maana Babu anapenda picha. Anatazama kamera wima, kidevu juu, mkono juu ya bakora, awe msibani au kwenye mpunga.

Mimi nami nilijiwekea sheria. Picha safi nyota tano. Yenye kasoro ndogo, tatu. Iliyotikisika, iliyokata watu vichwa, iliyopiga mgongo wa mtu, iliyopitiwa na mtu mbele, hiyo haina nyota; inakwenda kwenye kategoria niliyoiita Mbovu, na Mbovu zote zitafutwa mwishoni, maana diski ilikuwa imebaki na nafasi finyu. Nilikuwa mkali. Mkono wangu ulikwenda wenyewe: mgongo, Mbovu; kidole kwenye lenzi, Mbovu; mwanamke aliyekatwa nusu na fremu ya mlango, Mbovu.

Shangazi, dada yake Baba, ndiye aliyeiona aibu kwanza. Alikaa nyuma yangu akila ndizi za kuchoma, nikimpitishia picha nilizochagua.

"Huyo kaka. Huyo kaka tena. Huyo kaka na baiskeli. Haya, bibi harusi wetu yuko wapi?"

"Bado namtafuta, shangazi."

"Unamtafuta? Kapotea?" Akamgeukia Mama aliyekuwa anapepeta mchele mlangoni. "Wifi, Jumamosi watu watasema kaka yangu kaoa hewa."

"Hewa ndiyo iliyowapikia miaka yote hiyo?" Mama akajibu bila kuinua kichwa. "Mwache mtoto aweke za baba yake. Mimi si mtu wa picha."

Wakacheka wote wawili. Lakini baadaye, shangazi alipokuwa anaaga, nilimsikia Mama anamuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia kitu alichokiazima zamani: "Hivi wifi, hakuna hata picha moja nimembeba yule wa kwanza? Ningependa kujiona nilivyokuwa."

Shangazi alisema hakumbuki. Mama akasema, basi, haidhuru.

Ile "haidhuru" ilinikaa kifuani. Mama haombi vitu. Niliamua hapo hapo: Jumamosi haitafika kabla sijampata.

Kesho yake nilimketisha mbele ya kompyuta. Nikamfungulia picha moja moja za miaka ile, zile zilizopigwa uani kwa Babu, nikamuuliza kila moja alikuwa wapi. Alikumbuka zote. Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya nyumba ya Babu, akakivuta taratibu kuelekea kulia, kikapita mgomba, kikapita ukingo wa picha, kikatoka nje ya kompyuta kabisa, kikasimama hewani juu ya meza.

"Mimi nilikuwa hapa," alisema. "Nyuma ya jiko."

Picha nyingine: kidole kikatoka kushoto. "Hapa. Kwenye shimo la taka, nimechuchumaa."

Picha nyingine. "Hapa nilikuwa nyuma ya huyu mpiga picha."

Nilijua sababu, lakini sikuwahi kuiona hivyo, ikiwa imenyooshewa kidole. Kwetu mke wa mtoto wa kiume humwepuka baba mkwe. Wengi siku hizi wameacha, vijana wa mjini wanakula na wakwe zao meza moja, lakini Mama alilelewa Katumba Songwe na bibi yake, na alipoolewa alikuja na adabu yote kamili kama alivyopewa. Hamtazami Babu, hatamki jina lake. Wakikutana njiani anatoka pembeni, anampa mgongo, anajifunika kitenge mpaka apite. Chakula chake kinapelekwa na sisi watoto. Babu naye ana upande wake: kabla hajakunja kona ya nyumba anakohoa, kikohozi kimoja kikavu ambacho si cha ugonjwa, ili Mama apate nafasi. Nimekisikia kikohozi hicho tangu nazaliwa, sikuwahi kukifikiria zaidi ya mtu anavyofikiria jogoo.

Na mpiga picha aliitwa lini? Alipokuwepo Babu. Bila Babu nani angehangaika kumwita mtu kutoka mjini na kamera yake? Kwa hiyo kila picha iliyopigwa, Babu alikuwa katikati, na kila alipokuwa Babu katikati, Mama alikuwa nje. Si kwamba hakupenda picha. Picha zilipangwa mahali ambapo yeye hakupaswa kuwepo.

Nilipoelewa hivyo nilikata tamaa kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Halafu nikarudi kwenye kiti.

Kilichonisaidia ni usumbufu. Programu ilikuwa na fungu la nyuso ambazo imeshindwa kuzitambua, na mimi siwezi kulala na fungu lisilopangwa. Nilikuwa nimeliacha kwa ajili ya haraka ya jubilei, na kuliacha kulikuwa kunaniwasha kama upupu. Nikasema nilimalize kwanza, nitulie, ndipo nifikirie la Mama. Humo mlikuwa na watoto wanaolia, watu wa msibani nisiowajua, picha ya mtakatifu ukutani kwa jirani. Na mzee mmoja wa upande, sikio na shavu, ameitazama migomba. Programu inauliza: nani huyu? Nikafungua picha nzima. Alikuwa Babu.

Nikashangaa. Babu, ambaye hata akipigwa picha amelala anaamka kidevu juu, ametazama pembeni. Nikaendelea. Akatokea tena sikio na shavu, safari hii upande wa pili. Na kwenye picha iliyoulizia uso wa mtu mwingine nikamwona kisogo kitupu, kwenye kundi la watu ambao wote wanaitazama kamera isipokuwa yeye.

Nilijua sababu kabla sijajiambia. Babu haikwepi kamera. Anaugeuza uso pembeni kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Nikazitazama tena picha zile, sasa nikitazama upande ambao Babu hakuutazama. Ya kwanza: mwisho kabisa wa fremu, pindo la kitenge cha bluu na mguu mmoja unaoondoka. Ya pili: mlango wa jiko, na mkono unaosukuma sinia. Kiwiko kile kina kovu la maji ya moto. Ni kiwiko cha Mama.

Na picha hizo zote, moja baada ya nyingine, zilikuwa na lebo yangu mwenyewe. Mbovu.

Sijui kama nitaweza kueleza nilichofanya siku mbili zilizofuata bila kuonekana mwendawazimu. Nilikuwa na njia sasa, na mtu kama mimi akipata njia hasikii njaa. Nilichuja Mbovu zote ambazo Babu yumo. Nikaziacha zile anazotazama mbele. Zile alizogeuka nikazifungua moja moja, nikazikuza upande wa kisogo chake, mpaka picha inabaki vidoti vitupu. Nikaunda kategoria mpya ndani ya Mama: Mgongo. Nyingine: Mikono. Nyingine: Kitenge cha bluu, maana alikivaa miaka mingi na kilimsaliti hata alipokuwa amejikunyata nyuma ya pipa. Umeme ulikatika nikaenda kwa mzee wa stesheneri ambako kuna jenereta.

"Mugonile," alinisalimu, kisha akaniangalia vizuri. "Binti, umekula?"

"Nitakula, baba."

"Hujaniambia lini. Unatafuta nini humo, dhahabu?"

"Mgongo wa Mama."

Aliinamia kioo kuona kama namtania. Halafu akaniletea kiti chenye mto, kile cha wateja wa heshima, akaniambia nisipokula andazi hili atazima jenereta.

Niliipata Alhamisi mchana, kwenye albamu ya mwisho, picha iliyoliwa na maji pembe moja. Babu amekaa kwenye kiti chake uani, bado hajazeeka, ndevu nyeusi, na shingo ameigeuzia kabisa kwenye zizi. Upande wa pili mwanamke anaondoka. Ametoka kuweka beseni la maji chini na ameshageuka, hatua yake ya kwanza iko hewani. Kitenge kimeufunika uso wake wote, inaonekana shingo tu, ndefu, imenyooka kama ya msichana, na chini yake mgongo. Na mgongoni, amefungwa vizuri, mtoto mchanga amepindua kichwa anaitazama kamera kwa macho makubwa ya kustaajabu. Dada yangu, yule wa kwanza.

Picha ile ilikuwa imetikisika. Imekatwa mguu. Nilikuwa nimeihukumu bila hata kuikuza.

Nilimpelekea Mama kompyuta huko huko anakoanikia kakao, nikiwa nimeishika kwa mikono miwili kama sinia. Alijifuta vidole, akainama, akatazama. Nikaanza kujitetea.

"Najua uso hauonekani, Mama. Na pembeni maji yameingia, naweza kurekebisha ile pembe, ila mguu..."

"Tulia." Aligusa kioo, safari hii ndani, kidole hakikutoka nje. "Shingo ilikuwa nzuri namna hii?"

"Ilikuwa nzuri."

"Na huyu alivyokuwa anageuka geuka! Nilikuwa nahisi anageuka, nikasema leo ataanguka mbele ya..." Akasita, kwa sababu jina la Babu halitamki. Akacheka kidogo puani.

Ndipo nikamweleza kilichokuwa kinanitafuna tangu niipate. Babu atakuwepo ukumbini. Je, ni adabu kumwonyesha mkwewe akiwa mkubwa kama ukuta? Nikiiweka nitamfedhehesha Babu; nisipoiweka Mama atakaa kwenye jubilei yake mwenyewe akitazama picha za mume wake na baiskeli. Nilikuwa nimefikiria hata kuikata, kumtoa Babu, nibakishe mgongo peke yake.

"Usimtoe," Mama alisema. "Weka ilivyo."

"Na yeye?"

"Yeye anajua la kufanya."

Akarudi kwenye kakao yake, kana kwamba limekwisha. Kwangu halikuisha. Niliifanyia majaribio ile programu mpaka Ijumaa jioni, nikiangalia kila picha inadumu kiasi gani, na kila nilipofika kwenye ile moja nilifumba macho kama Babu tayari yuko chumbani.

Siku yenyewe mvua ilinyesha, na bati la ukumbi wa kanisa likapiga kelele mpaka mshereheshaji akawa anapiga mayowe. Kamati ilikuwa imepanga viti kwa akili: wazazi wangu meza kuu, Babu mstari wa wazee ubavuni, na nguzo nene ya ukumbi kati yake na Mama. Mapazia yalifungwa. Shuka jeupe lililopigwa pasi likatundikwa. Nilibonyeza kitufe.

Baba akapita na baiskeli, watu wakashangilia. Babu akapita na beberu wake, wakashangilia zaidi. Kisha ukaja mkono unaosukuma sinia mlangoni, na watu wakageukiana, wakijiuliza kama projekta imekosea. Ukaja mguu na pindo la bluu. Shangazi ndiye aliyetambua kwanza.

"Hee! Wifi huyo! Kitenge hicho nilimpa mimi!"

Wanawake wakaanza kuelewa, nyuma kwanza halafu mbele, maana nusu yao wana picha zao za namna hiyo mahali fulani, wamekatwa na mlango. Kila mgongo ulipokuja walipiga vigelegele. Mmoja akapaza sauti, "Mpiga picha, huyo ndiye aliyekupikia!" Mama alikuwa ameshika kitambaa mdomoni, mabega yanatikisika, na sikuweza kujua kama ni kicheko.

Kisha ikaja ile. Shuka zima likajaa: zizi, beseni, macho ya mtoto, shingo ya Mama.

Katikati ya vigelegele nilikisikia. Kikohozi kimoja, kikavu, kisicho cha ugonjwa. Babu, mzee sasa, ndevu nyeupe, aliweka mikono yote miwili juu ya bakora, akaigeuza shingo taratibu kutoka kwenye shuka, akaitazama milango ya ukumbi na mvua iliyokuwa nje. Alibaki hivyo mpaka picha ilipopita, katika umbo lile lile alilokuwa nalo kwenye picha. Mama alimsikia pia. Aliinamisha kichwa, akavuta kitenge chake mbele kidogo, na nilimwona chini ya kitenge akitabasamu.

Nilikuwa na simu mkononi. Kabla picha haijapita nilimpiga Babu picha bila kufikiri, kutoka nyuma: kisogo chake huku, na kule mbele, kwenye shuka, mgongo wa mkwewe unaondoka.

Nilipoiingiza kwenye kompyuta Jumatatu, programu haikuona uso wowote wa kuuliza. Picha imetikisika, na pembeni kuna bega la mtu aliyesimama kucheza. Nikaiburuta mwenyewe mpaka kategoria ya Mama, nikaipa nyota tano, halafu nikaenda kwenye Mbovu, nikaifuta lebo hiyo.